Disketi ya Mwalimu

Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, siku ya Jumanne, kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Ilisema kwa Kiingereza, kwa herufi nyeupe juu ya kioo cheusi, kwamba kila kilichomo ndani ya diski kuu kitafutwa na hakitarudi, kisha ikauliza kama iendelee. Nikabonyeza kitufe cha kukubali. Najua saa hiyo kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na daftari la kazi ambamo kila hatua niliipa namba na saa yake, na hiyo ilikuwa hatua ya tisa. Mwandiko wangu hapo ni mzuri kuliko wa hatua zote zilizofuata.

Kompyuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwalimu wangu wa shule ya msingi, na ndani yake yalikuwamo maneno ya marehemu mkewe.

Nilikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha kahawa. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi walipanda milimani na mizani yao na makarani wao, chama chetu kikabaki na makarani wengi kuliko magunia. Nikapunguzwa. Kwa kiinua mgongo nilinunua mashine ya kutoa kopi iliyokwisha kutumika, baadaye kompyuta mbili, nazo zilizokwisha kutumika, nikapanga chumba kimoja karibu na soko la Mbinga na kuandika mlangoni: Kuchapa, Kopi, Matengenezo. Hakuna aliyenifundisha kompyuta. Nilijifunza kwa vitabu viwili vya Kiingereza, kamusi, na kuharibu. Kwa kuwa vilivyoharibika vilikuwa vyangu, nilijiwekea masharti juu ya vitu vya watu. Sharti la kwanza lilikuwa hili: mashine ya mteja haifutwi mpaka nakala ya kazi yake imefunguliwa kwenye mashine nyingine na kusomwa. Haitoshi kuona kwamba ipo. Lazima isomwe. Kwa miaka minne sikuwahi kulivunja sharti hilo hata siku moja.

Mwalimu aliishi Maguu, kwenye shamba lake la kahawa. Mkewe alizaliwa chini ziwani, Lipingo. Alipanda milimani akiwa bi harusi, akajifunza Kimatengo mpaka majirani wakasahau kwamba hakuzaliwa nacho. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Kimatengo kilimtoka. Kiswahili nacho kikamtoka. Miezi saba ya mwisho alizungumza Kinyasa peke yake, lugha ya kwao, na Mwalimu alijua Kinyasa cha kusalimiana na kununua samaki tu. Akakaa kando ya kitanda na daftari la shule, akawa anaandika kila neno asilolijua. Alimuuliza maana yake, mgonjwa akamweleza kwa maneno mengine ya Kinyasa, nayo akayaandika. Chini ya kila neno aliandika sentensi ileile aliyoisikia, na tarehe. Mama yule alipofariki, daftari zilikuwa kumi na moja.

Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimletea kompyuta iliyotupwa na ofisi yake. Mwalimu akaiweka katika ofisi ya parokia, ambako jenereta ilikuwa ikiwashwa mchana kwa saa chache, akachapa daftari zote kumi na moja kwa vidole viwili. Alimaliza wiki moja kabla ya kuondoa msiba. Siku ya kuondoa msiba ndugu za marehemu walipanda kutoka ziwani kuchukua vitu vya dada yao, kama ilivyo desturi, na sanduku lake likashuka nao. Ndani ya sanduku zilikuwamo kanga, vitenge, sufuria mbili na daftari. Mwalimu aliziweka daftari humo kwa mkono wake. Alisema maneno hayo yalikuwa yao kabla ya kuwa yake, na yeye anayo kwenye kompyuta.

Kompyuta hiyo ilikuwa na memori ya megabaiti thelathini na mbili, na mfumo iliokuja nao ulihitaji zaidi ya hapo. Alipobonyeza herufi, alisema, aliweza kuhesabu hadi tano ndipo itokee. Siku nyingine ilikwama kabisa, akaizima kwa kuchomoa waya. Alitaka kuendelea kuyapanga maneno, kuyapa mpangilio wa alfabeti na kutoa kitabu kidogo kwa ajili ya wajukuu. Niliulizia Songea bei ya memori ya aina ile ya zamani. Wakaniambia shilingi sabini na nane elfu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka msimu ule, na Mwalimu alipoisikia hesabu hiyo alikunja karatasi niliyomwandikia, akaitia mfukoni.

Nikamwambia kuna mfumo unaoitwa Linux. Haununuliwi. Ukikubali kuacha urembo wa picha unaweza kukaa kwenye memori ndogo kama ile. Sidi yake niliipata kwa fundi mwenzangu wa Songea kwa shilingi elfu mbili. Niliusoma mwongozo wote, nikaandika hatua kumi na sita. Ya sita ilikuwa: kusoma nakala.

Jumanne ile alifika saa mbili na nusu, ameipakata kompyuta kwenye gunia la kahawa tangu Maguu. Jirani yangu wa duka la pili, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Kilwa na kufungua biashara ya vitenge na masufuria hapa Mbinga, alikuwa anatandaza bidhaa zake barazani.

"Baba, shikamoo! Mbona kahawa unampelekea fundi? Huyu hanunui, atakutolea kopi tu!"

"Marahaba, binti yangu. Kahawa hii haikobolewi."

Alicheka mpaka akakaa juu ya robota la vitenge.

Nilimwamkia Mwalimu, nikampokea mzigo. Alitoa mfukoni mwa shati leso iliyokunjwa, na ndani ya leso disketi moja.

"Nimefanya kama ulivyonielekeza," alisema. "Nimenakili yote. Daftari moja, faili moja. Mafaili kumi na moja. Nimehesabu mara mbili."

"Ilichukua muda mrefu, Mwalimu?"

"Hata! Kufumba na kufumbua."

Niliandika katika daftari langu: nakala, imechukua muda mfupi. Kwenye mashine ile hakuna jambo lililochukua muda mfupi. Nililiandika na sikulisoma.

Niliwasha kompyuta yangu ya pili na kunyoosha mkono wenye disketi. Jirani alikuwa ameingia kuchungulia, kikombe cha chai mkononi.

"Ehee! Leo mwanafunzi anasahihisha daftari la mwalimu! Fundi, mwekee vema, usimwekee kosa, atakuchapa huyo!"

Tulicheka wote watatu. Mwalimu alicheka kidogo kuliko sisi.

"Sahihisha tu, mwanangu," alisema. "Siku hizi mimi ndiye mwanafunzi."

Alivua miwani na kuanza kuifuta kwa ileile leso, akiangalia chini. Mtu huyu ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Kila Ijumaa alirudisha madaftari yetu yakiwa na wino mwekundu, na hakuna siku tuliyomkuta amekosea hesabu. Nilikuwa na miaka arobaini na nne, nina mvi, na mkono wangu ulisimama hewani. Katika watu wetu mtu hafungui mzigo wa mzee mbele ya macho yake kuhakiki kama alichosema kimo kweli kimo.

"Hapana, Mwalimu," nilisema. "Naiwasha tu ipate joto."

Kompyuta haihitaji kupata joto. Nikaitia disketi kwenye droo, nikaandika: hatua ya sita, imekamilika, saa mbili na dakika hamsini.

Mwalimu akaenda hospitali kumwangalia ndugu yake aliyelazwa. Alisema atarudi alasiri.

Jaribio la kwanza lilishindwa saa tatu na nusu. Mashine ilisoma sidi kwa dakika kadhaa, ikajaa, ikasimama. Nilitarajia. Mwongozo ulikuwa na njia ya pili kwa mashine zenye memori ndogo: programu ya kusimika inapakia yale ya lazima tu, na kabla ya kuendelea inadai itengewe sehemu ya diski kuu itakayosaidia memori. Ni kama mtu mwenye meza ndogo anayeweka kiti pembeni. Vitabu visivyotumika kwa wakati huo vinahamia kitini, kisha vinarudi mezani vinapohitajika. Anafanya kazi polepole, lakini anafanya.

Ili kutenga sehemu hiyo ilinibidi kuigawa diski upya. Diski ilikuwa kuukuu na ilitoa mlio wa kukwaruza kila ilipoanza kuzunguka. Mtu mwingine angeigawa na kuendelea. Mimi niliogopa kumsimikia Mwalimu mfumo mpya juu ya diski yenye sehemu mbovu, halafu baada ya mwezi maneno ya mkewe yapotee. Kulikuwa na ukaguzi wa aina mbili. Wa haraka, wa kusoma tu, na wa kina, unaoandika alama kwenye kila sehemu ya diski tangu mwanzo hadi mwisho, unazisoma, unaandika nyingine juu yake, mara nne. Nikachagua wa kina. Ndipo iliponiuliza kama nina uhakika, saa nne na dakika kumi na nne.

Ukaguzi ulichukua saa moja na dakika ishirini na mbili. Nilikaa mbele yake muda wote nikitazama namba zikipanda. Jirani alikuja mara mbili.

"Inafanya nini muda wote huo?"

"Inakagua."

"Inakagua nini?"

"Kama kuna palipoharibika."

"Na pakiharibika?"

"Hapaandikwi kitu hapo."

"Ungekuwa mume wewe," alisema, "mkeo angekoma."

Mwishoni ilitoka taarifa kwamba sehemu mbovu ni sifuri. Niliipigia mstari.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu lakini ya kawaida. Mfumo uliingia kwa shida, kipande kwa kipande. Nilijaribu kuweka madirisha na picha, kioo kikawa cheusi, nikazima na kuanza hatua hiyo upya. Mara ya pili kikawa cheusi tena. Nikaacha picha, nikaweka programu ndogo ya kuandikia, ya herufi tupu. Saa nane na dakika arobaini niliandika jina la kijiji cha Maguu. Kila herufi ilitokea kidole kikiwa bado kimegusa kitufe. Niliandika tena, kwa kasi, sentensi ndefu isiyo na maana, na mashine haikubaki nyuma hata kwa herufi moja. Naikumbuka furaha hiyo. Nilitaka Mwalimu akirudi akute mafaili yake yamo tayari, niketi pembeni nimwone akilifungua la kwanza.

Nikaitoa disketi kwenye droo.

Mafaili yalikuwa kumi na moja, kama alivyosema. Majina aliyaandika mwenyewe: Samaki, Upepo, Jikoni, Watoto, Mwili, na mengine. Pembeni mwa kila jina palikuwa na ukubwa wake. Hakuna hata moja lililofika nusu kilobaiti. Ukurasa mmoja wa barua unazidi hapo mara kadhaa.

Nilijua kabla ya kufungua. Mwanawe, alipokuja kuondoa msiba, ili kumrahisishia baba yake alimwekea kwenye uso wa kompyuta vipicha kumi na kimoja, kila kimoja na mshale mdogo pembeni. Kipicha cha mshale si faili. Ni njia ya mkato tu, maelekezo ya mahali faili lilipo, kama kibao cha barabarani. Mwalimu alinakili vibao. Nilifungua faili la Samaki na kukuta alama zisizosomeka, na katikati yake mstari mmoja unaosomeka: mahali pa diski kuu ambapo faili lenyewe lilikuwa limekaa mpaka saa nne na dakika kumi na nne.

Nikafungua yote kumi na moja, moja baada ya jingine. Hiyo ndiyo hatua ya sita, nikiifanya saa nane na dakika hamsini na tano.

Nilitoka mpaka kibanda cha simu ya kulipia, nikampigia fundi wa Songea. Nilimweleza kwa mpangilio, bila kuruka kitu.

"Usihofu," alisema. "Ukigawa diski tu, vitu vinabaki chini. Kuna namna ya kuvichimbua. Hukufanya ukaguzi wa kuandika, au sivyo?"

"Nilifanya."

"Ule wa mara nne?"

"Ule wa mara nne."

Nilisikia upande wake mtu anapiga nyundo.

"Pole sana, kaka," alisema. "Kwa nini uliufanya?"

Nilimshukuru, nikakata simu na kulipa.

Mwalimu alirudi saa tisa na robo. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini alipoona kioo kinawaka alivuta kiti, akakaa, akaweka kidole kwenye kitufe. Herufi ikatokea. Akaweka kingine.

"Mh!" alisema. "Inaniwahi!"

Kisha akaona orodha ya disketi, ambayo niliiacha wazi.

"Haya hapa. Samaki. Upepo. Yote yamefika. Fungua Jikoni."

"Mwalimu, hayakufika."

"Si haya? Majina nimeyaandika mimi."

"Ni majina tu."

Nilifungua Jikoni. Alivaa miwani, akasoma kile kisichosomeka tangu juu hadi chini, kwa utulivu, kama alivyokuwa akisoma mtihani wa mtoto asiyejua kitu, akitafuta walau mahali pa kumpa maksi.

"Hiki si Kinyasa," alisema.

"Hapana, Mwalimu."

Nikamweleza mshale. Nikamweleza ukaguzi. Sikuficha kwamba nilipaswa kuifungua disketi asubuhi na kwamba sharti hilo nililiweka mwenyewe. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Basi yarudishe," alisema.

"Hayarudi."

"Hata nikisubiri? Mimi si mtu wa haraka. Hata mwezi."

"Hata mwaka, Mwalimu."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Mlangoni jirani alikuwa amesimama, nadhani alisikia yote, maana alikwenda dukani kwake na kurudi na chai, akaiweka mbele ya Mwalimu kwa mikono miwili. "Mdomo wangu huu," aliniambia kwa sauti ya chini alipopita. Siku ile hakutania tena.

"Daftari zipo Lipingo," Mwalimu alisema baada ya kunywa nusu ya kikombe.

Siku ya Alhamisi tulipanda Land Rover ya abiria kushuka ziwani. Nauli ilikuwa shilingi elfu mbili na mia tano kwa mtu, kwenda tu. Mwalimu alivaa suti aliyovaa siku ya kuondoa msiba. Njiani hakuzungumza nami isipokuwa mara moja, tulipoanza kuliona ziwa: aliniuliza kama upepo unavuma kutoka kusini. Sikujua. Alisema ukiwa wa kusini ni mwera, na mkewe angeujua hata akiwa amefunikwa blanketi.

Shemeji yake, dada mdogo wa marehemu, tulimkuta anageuza usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye uchanja wa kukaushia. Tulikaribishwa vizuri. Tulipewa maji, mkeka, baadaye ugali na samaki aina ya mbasa. Kwa adabu ilibidi kula kwanza, na nilikula nikihesabu vitonge. Kisha Mwalimu akauliza juu ya daftari.

"Zile za sandukuni?" mama alisema. "Tuligawa, shemeji."

"Mligawa vipi?"

"Sawa kwa sawa! Nyumba zetu ni kumi na moja, na daftari zilikuwa kumi na moja. Tukasema dada amejua mwenyewe. Kila nyumba moja. Kanga ndizo zilileta maneno, lakini daftari hata mtu mmoja hakununa."

Alisema kwa fahari, na ilikuwa haki yake. Mali ya marehemu hugawanywa hivyo. Wala hakuna aliyemwambia kwamba daftari zile kumi na moja ni kitu kimoja.

Tulizunguka nyumba zote, mchana ule na asubuhi iliyofuata. Watu walituonea huruma na kutafuta kwa bidii, hata wakapandisha ngazi darini. Watoto walitumia kurasa zilizobaki wazi kwa kazi za shule, na daftari zikaenda nazo. Nyumba tatu walifungia usipa wa kuuza mnadani. Mzee mmoja alivutia tumbaku, akatuambia karatasi ile ilikuwa nzuri. Nyumba nyingine mvua iliingia. Katika nyumba ya tisa tulipewa jalada na karatasi sita, zilizokuwa zimekunjwa na kupachikwa kwenye ufa wa dirisha kuzuia vumbi. Lilikuwa daftari la Upepo. Mwalimu aliliweka magotini na kulinyoosha kwa kiganja.

Jioni ya siku ya kwanza shemeji yake alimwambia, "Lakini shemeji, maneno si ninayo mimi? Niulize. Andika."

Nilidhani tumepona. Mwalimu alitoa kalamu. Mama akaanza na samaki, akawataja mfululizo, wakubwa na wadogo, wa majini penye mawe na wa penye mchanga, na Mwalimu akaandika haraka, ukurasa mzima. Akamuuliza neno la kufunga mlango. Akajibiwa. Akaandika. Akamwomba aliseme katika sentensi. Mama akasema sentensi nzuri, juu ya mbuzi. Mwalimu aliiandika nusu.

"Yeye hakulisema hivyo," alisema.

"Hivyo ndivyo linavyosemwa, shemeji."

"Najua."

Akamsikiliza maneno mengine manne au matano, kwa heshima, kalamu imeshikwa lakini haigusi karatasi. Kisha akaifunga na kumshukuru. Mama alinitazama mimi, kana kwamba fundi anajua kilichoharibika. Nilitazama uchanja wa usipa.

Katika karatasi zile sita kulikuwa na sentensi kumi na tisa. Ninaikumbuka moja, kwa sababu Mwalimu alinisomea kwenye Land Rover tulipokuwa tunapanda, kwanza kwa Kinyasa, kisha kwa Kiswahili: Mwambie mtoto afunge mlango, mwera unaingia. Chini yake ameandika tarehe, na kwa mabano: hapakuwa na mtoto, nilifunga mimi.

Kompyuta aliichukua wiki iliyofuata. Alizichapa sentensi zile kumi na tisa chumbani kwangu, kwa siku moja, na mashine haikukwama hata mara moja. Nilinakili faili hilo kwenye disketi tatu. Kila disketi niliifungua kwenye mashine ya pili mbele yake na kulisoma kwa sauti, Kinyasa changu kibovu kikimchekesha kidogo. Hakuona vibaya hata chembe. Alinisahihisha matamshi.

Alipokuwa anaitia kompyuta kwenye gunia alisema, "Hesabu yangu iko wapi?"

"Hesabu gani, Mwalimu?"

"Uliahidi ukimaliza utanionyesha tumeokoa kiasi gani kwa kutokununua ile memori. Mwanangu wa Dar ataniuliza."

Nilimwambia haina maana tena. Akavuta kiti, akakaa, akasubiri. Nikafungua daftari la kazi kwenye ukurasa wa mwisho, nikaandika. Memori isiyonunuliwa, sabini na nane elfu. Toa sidi, elfu mbili. Nikapiga mstari.

"Na nauli ya Lipingo?" aliuliza.

"Hiyo si ya kazi hii."

"Ni ya kazi hii."

Toa nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, elfu kumi. Nikaandika jibu na kumpa daftari. Alivaa miwani, akapitia tangu mstari wa kwanza, akitoa kwa midomo bila sauti. Akaniomba kalamu nyekundu. Ninayo ya kuwekea alama karatasi za wateja, nikampa. Aliweka vema moja, ndogo, mahali pake, pembeni mwa jibu: shilingi sitini na sita elfu.